Mwizi wa mtungi tulimpiga, mwizi wa supamaketi tunamsifu. Naombeni mnieleze

BintiIgoma aliuliza:

Habari za jioni wadau.

Mimi ni keshia katika supamaketi moja kubwa hapa Mwanza. Jina silitaji, bado nakula hapo. Nimetoka zamu muda si mrefu, miguu imevimba, lakini silali kabla sijaandika hili kwa sababu linanisumbua tangu Jumapili.

Jumapili nilikuwa kwa kaka yangu, hapa hapa Igoma. Wifi alikuwa amekaanga sato, tumekaa sebuleni watu kama tisa. Mtoto wa kaka, yuko kidato cha tatu, akatoa simu akasema, "Shangazi, tazama hii." Ni video ya Los Angeles, Marekani. Kuna roboti inayopeleka chakula kwa wateja, fupi tu, ina magurudumu, inatembea yenyewe kando ya barabara wanapopita watu. Vijana wakaizingira. Mmoja akaung'ang'ania mfuniko mpaka ukafunguka, mwenzake akatoa mfuko wa chakula, wakaondoka wanacheka. Roboti ikabaki imesimama pale pale, mfuniko wazi.

Sebule nzima ilicheka. Kaka akasema, "Waache wale. Si kampuni imeweka mashine ili isilipe watu?" Wifi, ambaye hakosi jumuiya hata mvua inyeshe, akasema hapo hakuna wizi maana hakuna mtu aliyeibiwa.

Mtoto alipoona mambo yamekuwa mazuri naye akatoa la kwake. Akaeleza jinsi yeye na wenzake wawili wanavyoingia duka moja kubwa mjini na sweta za shule. Mmoja anamuuliza mlinzi bei ya kitu, mwingine anatumbukiza spreyi kwenye mkono wa sweta. Ameshachukua mara tatu. Baba yake akampiga begani: "Huyu mjanja, atafika mbali."

Sasa nisikilizeni. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, kama saa tatu usiku, mtaani kwetu ilipigwa kelele ya mwizi. Kijana ambaye simjui kwao, kwa kumtazama hazidi miaka 17, alikamatwa na mtungi wa gesi wa mama ntilie wa pale kona, ule mdogo wa kilo 6. Kaka yangu alitoka mbio na mpini wa jembe. Nilipofika mimi, kijana yuko chini, sikio linatoka damu, na kuna mtu ameshaleta tairi. Tairi, jamani. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyemwokoa. Alisimama juu yake, mguu huku mguu huku, akawaambia atakayemgusa huyu aanze na mimi, mpaka polisi walipokuja.

Nimezipigia hesabu zile spreyi tatu kwa bei ya kwetu: 25,500. Kuujaza ule mtungi gesi hakupishani sana na hapo. Kijana mmoja alikimbiliwa na mpini wa jembe, mwingine alipigwa begani, na aliyefanya yote mawili ni mtu mmoja, kaka yangu, ambaye nampenda na ndiye aliyenisomesha.

Kwa wasioijua kazi yetu, niwaambie vitu vikipotea inakuwaje. Kila mwisho wa mwezi tunahesabu stoku. Kilichoandikwa kwenye kompyuta na kilichopo kwenye shelfu visipolingana, hiyo ndiyo shoti. Vinavyoondoka zaidi ni vidogo vya bei: maziwa ya kopo ya watoto, nyembe, betri, manukato, chokoleti. Mwezi wa pili shoti ya upande wetu ilikuwa 420,000. Tulikuwa 7. Hakuna aliyeitwa kuulizwa, hakuna karatasi, ulipofika mshahara kila mmoja amekatwa 60,000. Mimi napokea 280,000. Chumba changu nalipa 40,000 kwa mwezi, kwa hiyo nilikatwa kodi ya mwezi mmoja na nusu kwa sababu ya watu nisiowajua, waliotoka mlangoni wakijiona wajanja.

Mwenzangu mmoja pale ananyonyesha. Naye amelipia kopo la maziwa ya mtoto wa mtu mwingine, huku wa kwake anampa uji.

Nauliza kwa dhati. Kwetu sisi wizi ni wizi pale tu unapomfahamu aliyeibiwa? Na mnaosema kampuni kubwa haiumii, hiyo hela mnafikiri inatoka mfukoni mwa nani?

Deiwaka_Buzuruga alijibu:

Pole sana dada yangu.

Mimi nabeba vifurushi kwa pikipiki, si yangu, ya tajiri, hesabu kila jioni. Video kama hizo ninaziona na sitakudanganya, ya kwanza niliifurahia. Niliwaza, kila roboti moja inayopita pale kuna kijana kama mimi amekaa kijiweni hana kazi. Nikasema wacha waivunje.

Ila nikuambie yaliyonipata mwaka jana. Nilikuwa na kisanduku kile cha nyuma chenye nembo ya kampuni niliyokuwa nabebea mizigo. Nikapaki Mabatini, mteja yuko ghorofa ya tatu, lifti hakuna, nikapanda na pakiti moja. Kushuka, kisanduku kimefunguliwa. Simu mpya ya mteja imeenda, na viatu vya mtoto. Pale chini walikuwepo watu, wauza nyanya, fundi viatu, vijana wa bodaboda wenzangu wa kijiwe kingine. Wote waliona. Nikawauliza kwa nini hamkupiga kelele? Fundi viatu akanijibu kwa upole kabisa, hata hakuwa na ubaya: "Tulijua ni mali ya kampuni."

Nililipa 185,000 kwa wiki nane. Mwanangu wa kwanza alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya mchango katika wiki hizo hizo. Kampuni ile sidhani kama iliandika hata mstari mmoja kuhusu simu hiyo.

Kwa hiyo dada, ile roboti bado siipendi. Naiogopa, na ikifika Mwanza nitakuwa wa kwanza kuumia. Lakini siku hizi nikiona mtu anacheka kisanduku kinafunguliwa, mwili unanisisimka, kwa sababu kisanduku kile nilikuwa mimi.

Mwaloni_Halisi alijibu:

Dada, naiheshimu kazi yako, lakini umewaonea uchungu watu wasiokuonea uchungu. Aliyekukata 60,000 si yule mtoto wa sweta. Ni bosi wako. Mtoto kachukua spreyi, bosi kachukua mshahara. Mbona swali lako lote ni juu ya mtoto?

Mimi nimekata minofu ya sangara kiwandani miaka minne, kibarua, unalipwa kwa siku, leo jina lipo kesho halipo. Sangara unayemwona soko la Mwaloni asubuhi, mnofu wake unapanda ndege kwenda Ulaya, bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, linakaushwa linakwenda China na Hong Kong, na sisi wenye ziwa tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Bondo kubwa likikauka, kilo yake inazidi mshahara ambao sisi tuliokuwa mezani tuliupata kwa mwezi mzima. Ndiyo maana getini tulikuwa tunavuliwa mabuti, tunapapaswa mpaka kiunoni, wanawake kwa wanaume.

Nitasema hapa kitu ambacho sijawahi kusema. Niliwahi kutoka na bondo moja nimelifunga tumboni kwa mpira. Mtoto alikuwa na nimonia na nilihitaji hela ya vipimo usiku ule. Niliuza, mtoto akatibiwa, yuko darasa la sita sasa. Ukiniuliza kama najuta, nakujibu sijuti.

Na hao wakubwa msiwaamini wanapolia. Marekani chama chao cha wauza rejareja, NRF, kilitangaza kwamba karibu nusu ya upotevu wa dola bilioni 94.5 wa mwaka 2021 ni kazi ya magenge ya wizi. Desemba 2023 kikaifuta kauli hiyo, haikuwa sahihi. Upotevu una mambo mengi ndani, wizi wa wafanyakazi, makosa ya hesabu, vitu kuharibika. Mwaka huo huo, mwezi Januari, mkuu wa fedha wa maduka ya dawa ya Walgreens, James Kehoe, alikiri mbele ya wawekezaji kwamba huenda walilia kupita kiasi kuhusu wizi. Kwa hiyo mtu anafunga maduka, anapunguza watu, anasingizia wezi. Sisi huku tunapigana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili yao.

BintiIgoma alijibu:

Kaka wa Mwaloni, nimekusoma mara mbili. Mtoto wako Mungu amkuze. Sikuhukumu kwa usiku ule, na kuhusu bosi hujakosea. Nilipouliza swali langu nilimsahau yeye kabisa, na hilo limenishtua mwenyewe.

Lakini tafadhali nijibu moja tu, bila ugomvi. Bondo lile lilipokosekana, kesho yake ilikuwaje pale mezani?

Mwaloni_Halisi alijibu:

Umeniuliza vibaya dada.

Kesho yake mzani haukulingana. Walikuja mezani kwetu, wakauliza, kila mtu kimya, nami kimya. Mama mmoja wa kisiwa cha Ukara ndiye aliyekuwa anahesabu mabondo ya meza ile. Akaambiwa achukue vitu vyake. Alikuwa na miaka mingi pale kuliko sisi wote, ndiye aliyenifundisha kushika kisu bila kujikata.

Sikusema. Nilijiambia wangemfukuza tu hata kwa jambo lingine. Kwa kweli sijui alienda wapi. Nilichosema kuhusu kiwanda sikifuti. Lakini kwa yule mama sina jibu.

MsukumaWaMbali alijibu:

Niko Milton Keynes, Uingereza, na roboti hizi kwangu si za kwenye simu, napishana nazo nikienda kazini. Za hapa ni za Starship, kampuni iliyoanzishwa 2014 na Ahti Heinla na Janus Friis, ambao walikuwa pia katika kuanzisha Skype. Mji huu zimeanza kupeleka bidhaa za dukani 2018. Zina magurudumu 6 na kibendera juu ya fimbo ili dereva aione. Mfuniko una kufuli linalofunguka kwa simu ya mteja. Ukiinyanyua inapiga king'ora, na kamera zinakutazama.

Nataka kumjibu wifi yake dada aliyesema hakuna aliyeibiwa. Kile chakula cha Los Angeles kilikuwa na mwenyewe. Kuna mtu alishaagiza, amekaa kwake na njaa, pengine ametoka zamu na miguu imevimba kama wewe. Na mgahawa uliopika ulishapika. Roboti ilikuwa imebeba tu, kama kaka wa Buzuruga alivyobeba viatu vya mtoto. Na ile dhana kwamba mashine haina macho si kweli. Huko huko Los Angeles watu wawili walijaribu kuiiba roboti yenyewe, ya Serve Robotics, picha zake zikapelekwa polisi, wakatiwa hatiani.

Jambo ambalo ningependa mlijue ni hili. Mwaka juzi theluji ilianguka sana, roboti moja ikakwama kwenye ukingo wa njia, magurudumu yanazunguka bure. Mzee mmoja mwenye mbwa akasimama, akaisukuma kwa goti, ikatoka, ikamwambia asante. Nimeona watoto wakifanya hivyo pia, zaidi ya mara moja. Watu hao hao, nikiwa kazini (nafanya kazi supamaketi, kupanga bidhaa), nawaona kwenye mashine za kujilipia wanaweka avokado kwenye mzani na kubonyeza karoti, ili walipe bei ndogo. Watu wazima, wamevaa vizuri. Wakifika kwenye kaunta yenye mtu hawafanyi. Nadhani roboti inayosema asante wanaiona kama kiumbe, na mashine ya kujilipia wanaiona kama ukuta.

Kuna maduka ya kaskazini huku yanaitwa Booths. Novemba 2023 yalitangaza kuziondoa mashine hizo karibu kwenye matawi yake yote na kurudisha makeshia, yakisema wateja wanapenda kuhudumiwa na mtu. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka dada yangu aliyekuwa keshia Kirumba.

Mzee_wa_Nansio alijibu:

Mwangaluka wanangu. Mjukuu ndiye ananiandikia, mimi nasema.

Nimezaliwa Kwimba kabla sijahamia Ukerewe kwa ajili ya uvuvi. Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa sungusungu. Ninyi mnasoma tu, sisi tulilala porini. Ng'ombe walikuwa wanaibwa kijiji hadi kijiji, Shinyanga, Tabora, mpaka kwetu. Mwano, yaani yowe la kuita watu, ukipigwa, hata aliyekuwa na ndama mmoja alitoka, kwa sababu kila mmoja alimjua ng'ombe wa jirani yake kwa rangi na kwa jina. Tulizuia wizi. Tulivuka mipaka pia, tulipiga watu tuliowashuku tu, na wapo waliokufa kwa mikono ya wenzetu. Kwa hiyo mwenyekiti wako wa mtaa, binti yangu, mpelekee salamu zangu. Enzi zetu wa kusimama juu ya kijana namna ile walikuwa wachache mno.

Hapa ziwani sasa wizi ni wa nyavu na injini. Mvuvi anaamka anakuta nyavu zimekatwa, maboya yanaelea peke yake. Akikamatwa mwizi wa nyavu, ninyi mnajua. Lakini mtu huyo huyo akipata injini kwa bei ya chee, anajua imetoka kwenye mtumbwi wa tajiri wa upande wa pili wa ziwa, anainunua na anasema ni bahati. Nimewahi kuinunua moja mimi mwenyewe, mwaka 1999. Nilijua.

Na hilo la mashine, lilitufikia sisi kabla yenu mjini. Mwaka 2018 ilikuja ndege isiyo na rubani, mradi wa Wajerumani, DHL, GIZ na Wingcopter, kuleta dawa kisiwani. Kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 hivi. Kwa njia ya barabara ni kilomita 240, saa 6. Ilipokuwa inakuja watoto walikimbia kutoka shambani kuitazama. Ilikuwa mashine, mali ya Wazungu, kampuni kubwa kuliko yoyote mnayoisema hapa, haina mlinzi angani. Sikusikia hata mtu mmoja kijijini kwetu aliyewaza kuidaka. Nimelifikiria hilo leo tangu mjukuu aliponisomea. Kila mmoja wetu ana mtu aliyewahi kumsubirisha dawa. Mimi nilimsubirisha mke wangu, siku ya upepo mkali, kivuko hakikuondoka. Tulijua mzigo ule ni wa nani.

Mtoto wa kaka yako hajui spreyi ile ni ya nani. Hajaambiwa. Baba yake angeanzia hapo.

Mwakilishi_Kazini alijibu:

Dada, naandika kwa ufupi maana niko njiani, lakini soma kwa makini kwa sababu hili ni lako.

Kwanza, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 258, inapoeleza wizi haiulizi mwenye mali ni mama ntilie au ni kampuni. Mtoto wa kaka yako na yule wa mtungi wako chini ya kifungu kimoja. Na waliomletea kijana tairi wana kosa lao, kubwa kuliko la mtungi.

Pili, na hapa ndipo Mwaloni ana hoja: ulivyokatwa si sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa masharti. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na iwe imesababishwa na kosa lako wewe. Akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi, na hesabu ilivyofikiwa. Akupe nafasi ya kupinga. Asikudai zaidi ya hasara yenyewe. Na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Wengi wanalijua hilo la robo tu. Kwako robo ni 70,000, kwa hiyo 60,000 wataona wako salama. Hawako. Kugawanya shoti kwa vichwa 7 bila kuonyesha nani amekosa nini, bila karatasi, masharti ya mwanzo yote yamerukwa.

Andikeni barua wote 7, saini zote, muulize kwa maandishi chanzo cha makato. Usiandike peke yako. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi cha TUICO pale kazini, nenda kwao kwanza. Wakikaa kimya, CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ipo hapa Mwanza. Kaa na hati za mshahara, usizitupe hata moja. Na usisubiri, malalamiko yana muda wake.

BintiIgoma alijibu:

Shikamoo mzee wa Nansio, na asanteni nyote. Naleta mrejesho, wiki moja na siku mbili.

Nilimwendea kaka jioni, peke yake, tukakaa nje. Sikumsomea mafundisho, yeye ndiye mkubwa wangu. Nilimpa hati ya mshahara ya mwezi wa pili aisome. Alifika kwenye ule mstari wa 60,000, akauliza ni mkopo? Nikamwambia ni shoti. Akauliza shoti maana yake nini. Miaka minne nafanya kazi ile na kaka yangu hakuwa anajua. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo kuna mtoto wa mtu kakutoa wewe hii hela." Nikamwambia ndiyo kaka, na huenda baba yake alimpiga begani. Aliingia ndani hakurudi. Nilidhani nimemkosea.

Kesho yake asubuhi alinipigia: njoo Jumamosi, tutakwenda na kijana.

Kijana alikuwa amekasirika nami, njia nzima ndani ya daladala hakuniangalia. Akasema, "Shangazi, lile duka si lenu." Nikamwambia najua. Sikutaka polisi na sikutaka kelele, nilishaona kelele zinavyoishia. Baba yake alikuwa na 25,500 kwenye bahasha, ameziazima kwa mwenzake wa gereji. Tulimwomba mlinzi atuitie msimamizi. Alikuja dada mmoja, umri wangu hivi, amevaa sare na kandambili kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma, hilo nililielewa bila kuambiwa. Kaka akasema, mwanangu ana neno. Kijana alisimama kama dakika nzima. Nilimwona anasoma jina kwenye beji ya yule dada, midomo yake inacheza kama anasoma ubao. Halafu akasema, sauti ndogo sana, vitu alivyochukua, kimoja kimoja, na siku.

Yule dada hakupokea bahasha mara moja. Alimuuliza, "Ile ya tarehe 14 ni wewe?" Kijana akaitikia. Akasema, "Ile nilikatwa mimi." Basi. Akaandika risiti, akatupa, akamwambia kijana asome kwa bidii.

Kaka hakumpiga. Kurudi tulipanda gari moja, hakuna aliyeongea mpaka Buzuruga, hapo kaka akaniuliza yule kijana wa mtungi anaitwa nani. Sikumjua. Anataka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza, nami nitamsindikiza.

Kuhusu barua: tumesaini watu 5 kati ya 7. Wawili wanaogopa, siwalaumu, mmoja ndiye yule anayenyonyesha. Mwakilishi, nimeweka nakala nyumbani kama ulivyosema, na hati za mshahara za miezi 9 nimezipata, nyingine zilikuwa zimefungiwa karanga. Barua inaingia ofisini Jumatatu saa mbili. Kaka wa Mwaloni, kama unakumbuka jina la yule mama wa Ukara, mzee wa Nansio amesema hapa inbox kwamba ana watu Ukara na anaweza kuuliza. Usiliandike hapa hadharani, mtumie yeye.